Pasipo Kivuli

Barazani pa duka la Obitre, ng'ambo ya mahakama,
hapa Arua, natandaza meza yangu saa mbili asubuhi:
taipureta, karatasi za kaboni, kitambaa cha vumbi,
na chini ya kioo, orodha niliyoiandika kwa wino mwekundu.
Hazina yangu: semi za Kiingereza za kukata shaka.
Beyond any doubt, shilingi mia tano za ziada.
I am absolutely certain, mia saba.
Without a shadow of a doubt, elfu moja taslimu,
kwa kuwa ni ndefu, na mahakimu huipenda.

Wateja hawaulizi maana.
Huuliza tu, "Ina nguvu?"
Nami hujibu kama muuza sumu ya panya:
"Ina nguvu."

Jumanne alikuja Ezaru wa Andama, kutoka Vurra,
tope jekundu limemkaukia hadi vifundoni.
Kesi ya mpaka. Akasema, vidole vyangu vikingoja:

"Nilikuwa na miaka tisa, au kumi.
Jioni. Nadhani mvua ilikuwa imepita,
maana mkonge ulikuwa unang'aa.
Baba akakanyaga, akasema, hapa ndipo tunapoishia.
Au tunapoanzia. Mojawapo.
Kivuli chake kikavuka, kikalala upande wa Onzima,
nikacheka: baba, kichwa chako kimeiba shamba."

Hayo hayaandikiki, nilimwambia.
Nikagonga ya elfu moja, herufi kubwa tupu,
kengele ya taipureta ikalia mwisho wa mstari
kama inaunga mkono.

Akataka kujua nimemsemea nini.
Nikamgeuzia kwa Kiswahili changu cha kambini
(baba yangu koplo; kwetu hata chumvi
iliombwa kwa sauti ya gwaride):
"Umesema unajua, pasipo hata kivuli cha shaka."

Akainama, akachungulia chini ya meza.
"Saa sita hii, jua liko utosini,
na bado kikombe chako kina kivuli. Kidogo. Kimekikalia.
Kisicho na kivuli kabisa ni kitu gani?
Sisi tukikiona, tunakimbia."

"Mama, ni msemo tu."

"Na mimi ni mtu tu.
Hakimu akiniuliza, baba alisema tunaishia au tunaanzia,
msemo wako utasimama uape?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na Candiru,
niliyemwandikia kutoka Kampala mwaka niliomaliza shule
kwamba nitarudi Desemba, absolutely,
nikalipigia neno hilo mistari miwili, ya pili ikatoboa karatasi.
Sikurudi Desemba ile, wala iliyofuata.
Laiti ningeandika kwa Kiswahili
ningeweka Mungu akipenda,
na leo uongo wangu ungekuwa na mahali pa kukaa.

Nikaivuta karatasi, mashine ikakoroma.
Nikaweka nyingine.
"Tuanze wapi?"

"Miaka tisa, au kumi."

Sikujua kwamba au inaweza kumtoa mtu jasho.
Nadhani yake, kwa Kiingereza, ilitoka uchi,
kama kifaranga kilichotoka ganda kabla ya siku zake.
Niliiacha hivyo hivyo.

"Na kivuli?"

"Kiandike. Kilivuka. Hicho nilikiona."

Alilipa elfu mbili, bei ya ukurasa mkavu,
akaidai chenji yake hadi sarafu ya mwisho,
akaitia karatasi ndani ya mfuko wa sukari
dhidi ya mvua ambayo, alisema, huenda ikanyesha.

Kesi ni tarehe tisa. Itaamuliwaje, sijui.
Obitre, anayepima mafuta ya taa nyuma yangu
na aliyesikia kila kitu, anasema mama atashindwa,
hilo halina shaka hata chembe.

Nimemwambia hiyo ni elfu moja.